Bibi aliambiwa akae chini kwa kuwa "anatawaliwa"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Linahusu neno moja tu, kitenzi kutawala, na jinsi tunavyolitamka siku hizi sisi wananchi, ninyi waandishi na watumishi wa umma. Nilifundisha Kiswahili shule za msingi miaka 37. Sasa nimestaafu, nalima mihogo na kuuza nazi, lakini sikio la ualimu halijastaafu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mkutano mkuu wa kijiji chetu. Kijiji sikitaji, wala mtu simtaji, kwa sababu sitaki mtu apoteze kazi, nataka arekebishe kauli. Tulikaa chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye madawati yaliyoazimwa shuleni, wanawake wengi wamekaa mikekani. Ajenda ya tatu ilikuwa mapato na matumizi. Karatasi ikasomwa mbio mbio na ofisa mtendaji, kama mtu anayekimbizana na mvua, kisha tukaulizwa kama tumeelewa.

Jirani yangu mmoja, mjane anayekaanga vitumbua alfajiri na kuviuza stendi, akanyoosha mkono. Alinyanyuka taratibu huku mkono mmoja ameuegemeza kwenye shina la mwembe, akasema: "Mwanangu, mimi nilitoa elfu tano ya saruji ya darasa. Tulitangaziwa mifuko arobaini. Darasa lile pale naliona, limekomea kwenye lenta. Je, mifuko iliyobaki iko wapi?"

Hakutukana. Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyouliza mama chenji dukani.

Yule ofisa akamjibu: "Bibi, kaa chini. Sisi ndio tunaowatawala. Haiwezekani kila mtu asimame atuhoji."

Bibi akakaa. Akaivuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso, akaanza kuokota vijiti vidogo vilivyokuwa mkekani na kuvitupa pembeni, kimoja kimoja, hadi mkutano ukafungwa. Watu zaidi ya mia walikuwa pale na hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi, niliyefundisha nusu ya wale watu kusoma, akiwemo yule aliyemwambia akae, nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Njiani, tukirudi, nilimuuliza kijana mmoja kwa nini hakusema kitu, naye ni mjumbe wa kamati ya ujenzi. Akacheka kidogo, akanijibu: "Mwalimu, si tunatawaliwa? Utafanyaje sasa?"

Ndugu Mhariri, usiku ule sikulala vizuri. Ofisa amesema tunawatawala, kijana amesema tunatawaliwa. Mmoja katumia kauli ya kutenda, mwingine kauli ya kutendwa, na kitenzi ni kilekile. Wamekubaliana bila kukutana. Mkubwa amelitoa neno na mdogo amelipokea, na katikati yao mifuko ya saruji imepotea.

Marehemu mama yangu hakuwa na tarehe za kuzaliwa za wanawe, alikuwa na matukio. Kaka yangu mkubwa alizaliwa mwaka wa njaa. Dada yangu alizaliwa, kwa maneno yake, "mwaka tulipojitawala." Alikuwa na maana ya 1961, mwaka ambao bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba. Hakusema mwaka tulipopewa uhuru, wala mwaka Mwingereza alipoondoka. Alisema tulipojitawala. Neno lilelile la kutawala, lakini limetiwa ji katikati, na hiyo ji ndiyo iliyopiganiwa. Mtawala na mtawaliwa wamekuwa mtu mmoja. Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini kiambishi kile alikijua uzito wake.

Sasa nikueleze jambo lililonitokea darasani, kwa sababu ndipo nilipolielewa neno hili kwa mara ya kwanza, tena kwa kufundishwa na mtoto. Ilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini. Niliandika ubaoni vinyambuliko, kama kila mwalimu wa Kiswahili anavyofanya. Nikachukua kitenzi ongoza: ongozea, ongozwa, ongozeka, ongozana. Nikachukua saidia, nikafika saidiana. Kisha nikawapa tawala wajaze wenyewe. Wakajaza tawaliwa, tawalia, tawalika. Binti mmoja aliyekaa dawati la mbele, mpole sana, akasimama na daftari lake. "Mwalimu, kwenye kutendana nimekwama. Kutawalana kupo?"

Nikamwambia akiache tu kisanduku hicho wazi. Kengele ikalia, nikafuta ubao. Lakini swali halikufutika. Nilitembea nalo miezi. Nilikuwa nikipita njiani nalijaribisha kwa vitenzi vingine. Kuheshimiana kupo. Kusimamiana kupo. Kulazimishana kupo. Kunyonyana kupo. Hata kuuana, Mungu apishe mbali, kupo, na redio inalitaja neno hilo karibu kila siku. Kuamrisha ni kitenzi cha ukubwa mtupu, lakini msikitini tunahimizwa kuamrishana mema na kukatazana maovu. Leo wewe unaniamrisha, kesho mimi nakukataza, na wote tunabaki ndugu. Ila kutawala kunagoma. Lugha yetu, ambayo inaweza kuifanya karibu kila kazi ya binadamu iende na kurudi, hii imeikatalia. Sijapata kumsikia Mswahili yeyote akisema fulani na fulani wanatawalana.

Halafu angalia ongoza inakofika. Kuongozana ni kwenda pamoja. "Waliongozana hadi sokoni" haina maana kwamba mmoja alimpa amri mwenziwe. Ina maana walitembea bega kwa bega, wakizungumza. Anayekuongoza anaweza kesho akaongozana nawe. Anayekutawala hana mahali pa kukutana nawe njiani.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, unakuza mambo, neno ni neno tu, na isitoshe lina asili yake njema. Hili la asili nalijua, na nalipenda, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Nilisoma chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, na sheikh wetu alikuwa na mapenzi na sarufi. Alituonyesha kwamba kutawala kwa Kiarabu kumetoka kwenye mzizi wa herufi tatu, wau, lamu na yee, na maana ya kwanza kabisa ya mzizi ule ni kuwa karibu, kufuatana, kitu kupakana na kitu. Mtoto mmoja wa mzizi huo ni neno letu mtawalia: mambo yanayokuja mtawalia ni yale yanayofuatana bila pengo. Mwingine ni wilaya. Mwingine ni liwali, mkuu wa mji wa zama za Sultani. Mwingine, lililo kubwa kuliko yote, ni Mola. Na mwingine ni walii, mara mcha Mungu aliye karibu na Mola wake, mara mtu mwenye mamlaka ya kumwozesha binti.

Mimi nimekuwa walii. Ndugu yangu alifariki akaacha binti, na binti alipoposwa, zamu ikawa yangu, ami yake. Siku ya ndoa wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye majamvi, bwana harusi na kanzu yake mpya, shekhe ameshafungua daftari. Mimi na mashahidi wawili tukaingia ndani kwenda kuomba idhini. Tukasimama penye pazia la mlango wa chumba. Nikamtajia jina la mume, nikamtajia mahari, nikamwuliza kama ananiruhusu nimwozeshe. Kimya. Nikarudia. Nilisikia bangili zikigongana na shangazi zake wakimnong'oneza. Nikauliza mara ya tatu, ndipo akasema kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka: "Ami, nimekubali, lakini kwanza waulizwe kama nitamaliza ualimu wangu."

Basi nikatoka. Mzee mzima, na kilemba changu, nikavuka ua mbele ya wageni wote, nikainama kwa bwana harusi nikamuuliza. Akasema atamaliza. Nikarudi mlangoni nikamwambia. Ndipo akasema ndiyo, na ndipo ndoa ikafungwa. Wapo wazee walionung'unika kwamba nimechelewesha chakula. Lakini mimi siku ile niliyajua mamlaka yalivyo. Nilikuwa na uwezo juu ya yule binti kuliko mtu yeyote aliyekuwepo, na uwezo wenyewe ulikuwa ni kwenda mlangoni pake, kuuliza, kusikiliza, kurudi, na kwenda tena.

Huo ndio ukoo wa neno kutawala. Nalikubali kwa moyo wote. Rafiki yangu tuliyefundisha naye, Mkristo wa Lushoto, aliwahi kunisomea kutoka kitabu cha Mwanzo kwamba Mungu alifanya mianga miwili, "ule mkubwa utawale mchana, na ule mdogo utawale usiku." Akaniambia jua linatawala mchana kwa kuwepo. Sijalisahau hilo pia.

Lakini neno likishaingia Kiswahili linakuwa letu, na maana yake ni ile tuliyoiishi. Na sisi wa mwambao huu wa Tanga kutawala tulikuishi vibaya. Liwali wa Pangani alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar, na enzi ile haikuwa pepo. Watumwa walipita hapa hapa. Mwaka 1888 wakaja watu wa kampuni ya Kijerumani na bendera yao, watu wa Pangani wakakataa, Abushiri bin Salim akawaongoza, na Desemba 1889 akanyongwa hapo hapo Pangani. Baada yake majina ya vyeo vya liwali, akida na jumbe yalibaki, lakini kazi ikawa kukusanya kodi, kuwapeleka watu kwenye kazi za shuruti, na kusimamia viboko, ile hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, ambayo babu zetu walisimulia wakiwa wameinamisha macho. Mwingereza naye akaja akatawala kwa staili yake, kwa makaratasi zaidi. Hadi leo wazee wetu wakienda ofisi ya wilaya wanasema wanakwenda bomani, na boma ni mahali palipozungushiwa ukuta.

Basi kutawala kukajifunza tabia za wenye bendera. Ule ukaribu ukatoka, umbali ukaingia. Ndiyo maana wazee wetu walipodai nchi hawakuomba watawaliwe vizuri. Walitia ji.

Na baada ya kujitawala, vitenzi vilibadilika kwa makusudi. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati wa TANU, chama kilichodai uhuru, na tulizikariri ahadi za mwanachama mstarini kila asubuhi. Mtu aliahidi kulitumikia taifa lake na watu wake wote. Kutumikia! Na kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni mali ya mwenzio uliyowekewa, unaweza kudaiwa saa yoyote, na mwenye mali akija kuulizia huwezi kumwambia akae chini. Nisiseme kila neno la enzi zile lilikuwa zuri. Baadaye tuliambiwa chama kimeshika hatamu, nasi tukaimba, bila kujiuliza kwamba hatamu ni kamba ya mdomoni mwa farasi, na kama mmoja ameishika basi kuna mwingine aliyefungwa.

Sasa turudi chini ya mwembe. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Kwa hiyo yule bibi wa vitumbua, aliposimama na kuushika mwembe, alikuwa sehemu ya chombo kikubwa kuliko ofisi. Aliyemkalisha ndiye aliyekuwa anapaswa kusimama. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Itawajibika! Na cheo chenyewe cha yule bwana ni ofisa mtendaji. Kimetoka kwenye kutenda. Mwajiri wake hakumwita mtawala.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na neno utawala likikaa peke yake kama jina la kazi. Shuleni tuna jengo la utawala, mle mna ofisi ya mwalimu mkuu na kabati la mafaili, halimdhuru mtu. Mkoa una Katibu Tawala, wizara ina Tawala za Mikoa kwenye jina lake, na hayo ni mambo ya kuendesha ofisi. Hata watangazaji wa mpira wakisema timu fulani imetawala dimba la kati, mimi nafurahi nao. Kinachonitia homa ni kile kiambishi kidogo cha mtendwa: kuwatawala, kututawala. Pale ambapo kitenzi hiki kinaangukia watu wazima wenye akili zao, waliochanga elfu tano tano.

Na hapa ndipo ninapokugeukia wewe, Mhariri, kwa heshima zote. Nimepekua magazeti ninayonunua na kuyahifadhi chini ya kitanda, likiwemo la kwako. Ninasoma "viongozi wanaotutawala". Ninasoma "watawala na watawaliwa" kwenye safu za maoni, tena za watu wanaotetea wananchi. Ninasoma kwamba waliochaguliwa "wataitawala nchi kwa miaka mitano." Mwandishi hana nia mbaya, najua. Ameandika kinachomjia. Lakini kijana wa kamati ya ujenzi anasoma, ofisa naye anasoma, na kila mmoja anajifunza nafasi yake. Siku bibi anaposimama kuuliza, jibu limeshaandaliwa, na kidogo katika jibu hilo mmelichapa ninyi.

Kiswahili hakina njaa ya maneno. Mtu tuliyempigia kura anatuwakilisha. Rais anaongoza nchi. Ofisa anasimamia, anatekeleza, anahudumia. Waziri amepewa dhamana. Kama amekosea na kutumia nguvu, basi semeni wazi kwamba amelazimisha, ameshurutisha, ameonea, amedhulumu. Hivyo ni vitenzi vyenye kosa ndani yake, msomaji akiviona anajua kuna wa kujibu. Kutawala kunaficha. Kunaufanya uonevu uonekane kama kazi ya ofisi. Kitenzi hicho kiachieni jua na mwezi, na wakoloni kwenye kurasa za historia. Na pale mnapotaka kukitumia kwa ajili yetu, tafadhali, tieni ji.

Kuna aliyenionya nisiandike barua hii, kwamba naweza kulazwa ndani saa 48. Nimemjibu kwamba mamlaka hayo Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 imewapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, kwa mtu anayehofiwa kuvunja amani, tena kwa sababu zilizoandikwa. Kuuliza saruji hakuvunji amani ya mtu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa jirani yangu alfajiri, kabla hajatoka na beseni lake. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza. Alinipa vitumbua viwili kwenye kipande cha gazeti, akakataa pesa, akasema, "Mwalimu, mimi sikuchoka kuuliza. Nilichoka kusimama peke yangu."

Mikutano mikuu inatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na wa kwetu unaofuata umeshabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Nimeshafika pale kwenye darasa na kamba ya kupimia, pamoja na fundi mmoja mstaafu, tumehesabu tofali na kozi zilizojengwa, na tumeandika kwenye daftari la mraba makadirio ya saruji iliyotumika. Bibi atasimama kuuliza swali lake lilelile, na safari hii mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake, na daftari mkononi.

Wako katika kuijenga lugha na nchi,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mkoa wa Tanga.